Jina ni Dhamana: Maana ya Jina la Patel

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani, jioni ya pili ya maadhimisho ya miaka 75)



Kamati imetuomba, sisi wa ukoo wetu, tuzungumze juu ya jina la ukoo: lilikotoka, lina maana gani, na hutumikaje. Sisi ni watu wa kuuza mabati na misumari, si wanazuoni, na elimu yetu iliishia kidato cha nne. Lakini jina tumelibeba kwa zaidi ya miaka 60, na mchukuzi hujua uzito wa mzigo wake hata kama hajui kuandika orodha ya vilivyomo.

Tuanze na kicheko. Majirani zetu wa siku nyingi wanalijua jambo hili. Tulipokuwa wadogo tulimwita babu yetu mzaa baba "Dada", kwa kuwa ndivyo anavyoitwa babu kwa Kigujarati. Watoto wenzetu wa mtaani walipomwona mzee mwenye masharubu meupe ameketi barazani, nasi tunamwita Dada, walianguka kwa kicheko. Ndugu mdogo wa baba tulimwita "Kaka", na ndugu wa kiume wa mama yetu tulimwita "Mama". Siku moja tulimweleza mwalimu wa shule ya msingi kwamba jana yake hatukufika shuleni kwa sababu Mama yetu alikuwa anaoa. Mwalimu aliweka chaki mezani, akatutazama kwa muda mrefu, asiseme neno.

Basi majina na maneno ndivyo yalivyo. Herufi ni zilezile, sauti ni ileile, lakini kila nyumba ina maana yake. Ndiyo sababu twaona si vibaya kuelezana, sisi tuliopakana kuta kwa miaka mingi.

Sababu nyingine ya mazungumzo haya ni binti mmoja wa jirani, mwanafunzi wa sekondari. Diwali iliyopita alikuja na bibi yake kula nasi. Wakati watu wazima wakisalimiana, yeye alisimama mbele ya lile jiwe la marumaru lililo mlangoni, lenye majina ya waliochangia ujenzi wa hekalu hili. Akaja akatuuliza: "Mzee, nimehesabu majina 31. Kati ya hayo, 19 ni Patel. Je, nyote ni ndugu? Na mbona hakuna mwanamke hata mmoja?"

Swali la kwanza tulilijibu palepale. La pili tulirudi nalo nyumbani. Leo tutajaribu kuyajibu yote mawili, kwa mpangilio uleule alioutumia yeye.

Patel si jina la mtu wa kwanza wa ukoo, kama ilivyo kwa koo nyingi. Patel ni cheo. Katika Gujarati na sehemu nyingine za magharibi ya India, patel alikuwa mkuu wa kijiji. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno hili na neno la kale linaloonekana katika maandishi yaliyochongwa zamani, pattakila, yaani mwenye kushika kumbukumbu ya ardhi. Jamaa yake ni neno Patidar, jina la jamii yetu, maana yake mwenye kipande au fungu la ardhi. Hiyo "dar" ya mwisho ni neno la Kiajemi lenye maana ya mwenye kushika, nanyi mnayo katika Kiswahili, ndani ya neno jemadari.

Kazi ya patel ilikuwa nini? Alijua mpaka wa kila shamba. Alikusanya kodi ya ardhi na kuipeleka kwa mtawala, awe nawabu, awe Mmaratha, awe Mwingereza. Alisuluhisha ugomvi wa maji na wa mifugo. Mgeni akiingia kijijini usiku, aliulizia nyumba ya patel. Kwa kifupi, ndugu zetu, patel ni jumbe.

Nanyi mtaona kwamba Waswahili walifanya jambo lilelile tulilofanya sisi. Jumbe kilikuwa cheo, kisha kikawa jina la mtu na la ukoo. Zanzibar iliongozwa na Rais Aboud Jumbe tangu mwaka 1972 hadi 1984. Mwinyi, yaani bwana, mwenye mahali pake, nalo ni jina la ukoo, na taifa letu limepata Rais mwenye jina hilo. Kwa hiyo mtu akituuliza Patel ni nani, twaweza kumjibu kwamba ni Bwana Jumbe aliyetokea Gujarati.

Lakini cheo cha aina hiyo ni kitu kizito. Jumbe wa zama za Wajerumani alijua hivyo: juu yake alikuwako akida, na juu ya akida Mjerumani, chini yake walikuwako watu wake, ambao aliamriwa kuwasimamia katika mashamba ya pamba, mpaka moto wa Maji Maji ukawaka mwaka 1905. Patel naye alikuwa katikati vivyo hivyo. Mvua ikikosekana, mtawala alitaka kodi yake palepale, na mkulima hakuwa na kitu. Hapo ndipo watu walipomjua patel wao ni mtu wa namna gani.

Tutoe mifano miwili, yote ya watu wenye jina hili.

Wa kwanza ni Vallabhbhai Patel, aliyezaliwa Nadiad mwaka 1875, wa ukoo wa kijiji cha Karamsad. Alikuwa wakili. Mwaka 1928, katika wilaya ya Bardoli, serikali ya Mwingereza ilipandisha kodi ya ardhi kwa asilimia 22. Wakulima walikataa kuilipa, naye akawaongoza. Walinyang'anywa ng'ombe, vyombo na mashamba, wasipige mtu. Jambo ambalo sisi hulikumbuka zaidi ni hili: mapateli wengi wa vijiji vya Bardoli, wale hasa ambao kazi yao ilikuwa kuikusanya kodi ile, walijiuzulu. Walirudisha cheo wakabaki na watu. Mwishowe serikali ilikubali uchunguzi, na ongezeko likapunguzwa sana. Ni huko Bardoli Vallabhbhai alikoanza kuitwa Sardar, yaani kiongozi, na jina hilo halikumtoka tena hata alipokuwa Naibu Waziri Mkuu wa India huru.

Wa pili ni Tribhuvandas Patel. Wafugaji wa wilaya ya Kheda walikuwa wakiuza maziwa yao kwa bei iliyopangwa na wengine. Mwaka 1946 walisimamisha uuzaji, wakaunda ushirika wao mjini Anand, na yeye akawa mwenyekiti wao wa kwanza. Ushirika ule ulianza na vijiji viwili tu, nao ndio uliokua ukawa Amul, ambayo leo mkebe wake wa samli unajulikana hata nje ya India. Sisi tuliokulia Tanzania ya Ujamaa tunalijua neno ushirika, utamu wake na uchungu wake. Twaweza kupima kazi ya mtu aliyeuongoza ukasimama.

Sasa, je, Patel wote ni ndugu? La. Wako Leva na wako Kadva. Wako wa Charotar, nchi ya tumbaku na migomba, na wako wa Kutch, ambao wengi wao Afrika Mashariki walijulikana kwa ujenzi. Wako Patel wa jamii ya Koli. Wako Patel Waislamu wa upande wa Bharuch, ambao husali msikitini kama majirani zetu hapa. Wako Patel Waparsi. Cheo hakikuchagua dini. Kila kijiji kilihitaji mkuu wake. Ndiyo sababu Patel wawili wakikutana ugenini, hawaulizani jina. Huulizana: "Kijiji gani?" Jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu.

Halitoshi hata ofisini. Kwa desturi yetu mtu ana majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake, na la ukoo. Hilo la katikati ni sawa na "bin" yenu. Na mwishoni mwa jina la mwanamume huongezwa "bhai", yaani ndugu, na la mwanamke "ben", yaani dada. Kwa hiyo Vallabhbhai ni Ndugu Vallabh, na zilipokuja siku za kila mtu kuitwa Ndugu katika nchi hii, sisi tulikuwa tumekwisha anza zamani. Lakini majina ya kwanza hurudiwarudiwa, ya baba nayo hurudiwa, na la ukoo ni moja. Mmoja wetu aliwahi kupelekewa barua tatu za kudaiwa mkopo ambao hakuukopa. Mdaiwa alikuwa mtu mwingine wa mji mwingine, mwenye majina yote matatu yanayofanana na yake. Ilituchukua miezi minane kuthibitisha kwamba sisi ni sisi.

Na huku mtaani mambo yaligeuka tena. Hapa kila mwenye duka mwenye asili yetu huitwa Pateli, awe Shah, awe Mehta, awe Lohana. "Nenda kwa Pateli kaulize bei." Basi jina likarudia asili yake bila mtu kukusudia: likawa si la ukoo tena, likawa la kazi. Watu wamekuwa wakitupima kwalo kama walivyompima mkuu wa kijiji. Katika miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika na bati moja likawa kama dhahabu, mtu alipokuja dukani akasema, "Pateli, hata moja hakuna?", alikuwa akiuliza mambo mawili kwa pamoja. Baba yetu alituambia jioni moja, akifunga mlango: "Wakikuita kwa cheo, wanakukumbusha kazi." Hatuwezi kusema mbele yenu kwamba kila siku tuliikumbuka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili la binti yule, nalo ni gumu zaidi.

Kwa nini hakuna mwanamke katika jiwe lile? Jibu rahisi ni kwamba ndivyo ilivyokuwa desturi. Mwanamke wa Kigujarati akiolewa, hubadilisha jina la ukoo, na hubadilisha pia la katikati: huondoa jina la baba yake, akaweka la mume wake. Likibaki lake mwenyewe tu, nalo ndani ya nyumba halisikiki sana, maana huitwa mama wa fulani, mke wa fulani, bibi wa fulani. Bibi yake binti yule alitusikiliza tukieleza haya, akatikisa kichwa, akasema: "Kwetu mwanamke haachi jina la baba yake. Mimi ni binti Salim tangu nizaliwe, na nitazikwa binti Salim." Hatukuwa na la kumjibu.

Jina la babu yetu liko katika jiwe lile, mstari wa saba, shilingi 500. Tulipokuwa watoto tulilionyesha kwa wenzetu kwa majivuno. Mama yetu ndiye aliyetueleza baadaye kwamba mwaka ule babu hakuwa na shilingi 500. Bibi alivua bangili zake sita za dhahabu, alizotoka nazo kwao siku ya harusi, zikapelekwa kwa sonara. Fedha ilitoka mikononi mwa bibi, jina likaandikwa la babu. Wala babu hakuwa mwizi. Hakuna aliyefikiri kuwa ingeweza kuandikwa vinginevyo, na huenda hata bibi mwenyewe hakufikiri.

Baada ya Diwali tukakubaliana, sisi ndugu, kwamba angalau tuliandike jina la bibi katika kumbukumbu za ukoo wetu. Tukaketi mezani, wanaume watatu wenye mvi. Jina lake mwenyewe tulilijua. Jina la baba yake je? Tukatazamana. Kijiji alikotoka je? Mmoja alitaja kimoja, mwingine kingine. Tulifungua kitabu cha nasaba ya ukoo, kilichonakiliwa kutoka kwa waandishi wa nasaba wa kule Gujarati. Vizazi tisa vya wanaume vimo, baba na mwana, baba na mwana. Yeye hakuwamo.

Tukajua ni nani anayeweza kujua, na hapo tukanyamaza.

Ndugu zetu, tuna dada mmoja, mdogo kwetu sote. Mwaka 1986 aliolewa na kijana wa jina la Darji. Darji maana yake ni mshonaji. Kijana alikuwa Mhindu kama sisi, mchapakazi, hanywi, na aliimba bhajan katika ukumbi huuhuu. Lakini kwetu ilisemwa kwamba Patel ni watu wa ardhi na Darji ni watu wa sindano, na kwamba jina litaharibika. Baba hakuhudhuria harusi. Sisi kaka zake tulikuwa watu wazima wenye akili zetu, nasi hatukuhudhuria. Kwa miaka 11 hakukanyaga nyumba ya wazazi wake, na tulipokutana naye hapa hekaluni siku za Navaratri tulimpa salamu za mbali, kama anavyosalimiwa mteja. Tulidhani tunalilinda jina. Sasa twajiuliza tulikuwa tukililinda dhidi ya nini.

Baba alipopata kiharusi, sisi tulikuwa na duka, na safari, na sababu. Aliyekuja kukaa naye alikuwa yule mwenye jina la sindano. Alikaa naye miezi 14, akimlisha, akimgeuza, akimsomea. Na katika usiku ule mrefu wa wagonjwa, baba alimsimulia mambo ambayo hakuwahi kutusimulia sisi, naye akayaandika katika daftari la shule la mwanawe.

Basi tulikwenda kwake. Alitukaribisha chai. Tulipomuuliza, hakutulaumu, aliingia chumbani, akatoka na daftari. Limo jina la bibi yetu, jina la baba yake, jina la mama yake pia, kijiji chao, mtumbwi uliowavusha mto siku ya harusi, na hata uzito wa zile bangili sita. Kumbukumbu ya ukoo wa Patel ilihifadhiwa nyumbani kwa Darji, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo.

Ndugu zetu, wale tuliosoma enzi za TANU tulikariri maneno haya shuleni: cheo ni dhamana. Tuliyakariri bila kujua kwamba yanalihusu jina letu wenyewe. Patel aliyewaacha watu wake ili abaki na cheo alikosa vyote viwili. Mapateli wa Bardoli waliorudisha cheo ndio wanaokumbukwa. Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Sisi tungeongeza kwamba halina budi kupata wa kulibeba, na mbebaji si lazima awe yule aliyeandikwa.

Kwa hiyo hatukuja na maneno matupu. Tumeiomba Kamati, nayo imekubali kwa kauli moja, kwamba jiwe la pili liwekwe mlangoni, kulia kwa lile la kwanza. La kwanza litabaki kama lilivyo. Wazee wetu waliandika walivyojua. Katika la pili yaandikwe majina ya wanawake waliotoa vyao, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Yaandikwe pia majina ya mafundi na vibarua waliojenga kuta hizi, Waislamu na Wakristo wengi wao, ambao watoto na wajukuu wao baadhi wameketi hapa jioni hii. Gharama ya jiwe tutaibeba sisi, na jina letu halitaandikwa kuwa ndilo lililolipa.

Ombi letu kwenu ni hili. Kabla ya Diwali ijayo, kila nyumba imuulize mzee aliyebaki: bibi aliitwa nani? Baba yake nani? Alitoka wapi? Na ninyi majirani, ulizeni ni nani katika ukoo wenu aliyebeba mawe au aliyechanganya chokaa ya jengo hili, mtuletee jina lake. Msingoje. Kila mwaka daftari moja hupotea.

Mwisho, dada yetu ameketi mstari wa tatu, karibu na nguzo, na mume wake yuko pale kwenye harmonia, kama alivyokuwapo miaka yote. Yale tuliyopaswa kuyasema mwaka 1986 tumekwisha mwambia nyumbani kwake. Lakini kosa letu lilifanyika mbele ya watu, na haifai msamaha uombwe mafichoni. Dada, tusamehe. Shemeji, tusamehe.

Na wewe binti uliyehesabu majina, ahsante kwa kuhesabu. Jiwe likiwekwa, njoo uhesabu tena.

Jai Shri Krishna. Chakula ki tayari. Tafadhali wageni watangulie.